Nikeli ya Visu vya Korosho

Mashine ya alama za vidole ilimkataa mama yangu mbele za watu. Tulikuwa kwenye ofisi ya kata, Newala, wakati wa kuandikisha vitambulisho. Zamu yake ilipofika aliweka dole gumba kwenye kile kioo kidogo, taa ikawaka nyekundu. Akaweka cha shahada, nyekundu tena. Karani, mgeni aliyehamishiwa kwetu kutoka bara, akampa kitambaa ajifute.

"Weka tena, mama. Bonyeza kidogo."

"Nimebonyeza, mwanangu. Labda hiyo mashine yako imeshiba."

Watu kwenye benchi walicheka. Karani akaushika mkono wa mama, akaugeuza kuelekea dirishani na kuzitazama ncha za vidole. Zilikuwa laini, zinateleza, hazina mstari hata mmoja.

"Huyu mama anafanya kazi gani?" akaniuliza mimi.

"Niulize mwenyewe, si nipo hapa?" mama akasema. "Nabangua korosho. Nimeanza sijaota maziwa."

Mtu wa kwetu haelezwi hilo. Ganda la korosho lina mafuta meusi yanayotafuna ngozi. Mbanguaji hupaka majivu au mafuta ya kula mikononi, na bado jioni vidole vinawaka. Ngozi hutoka, ikaota nyingine, ikatoka tena, mpaka mwisho inachoka kuota ilivyokuwa. Mama alikuwa amezoea. Mimi sikuwa nimezoea kuona taa nyekundu ikimwambia kwamba yeye si mtu anayejulikana. Tulirudi nyumbani kwa miguu, naye akawa anasalimiana na watu njia nzima kama kawaida yake.

Wakati huo nilikuwa nimerudi kusini kutoka Dar es Salaam, nilikofanya kazi kwenye kiwanda cha mabomba ya bafuni. Kazi yangu ilikuwa kwenye matangi: chuma kinaingia kimechubuka na cheusi, kinapitishiwa umeme ndani ya maji ya chumvi ya nikeli, kinatoka kimevaa koti jeupe. Kiwanda kilipofungwa tuligawana vifaa vilivyobaki badala ya kiinua mgongo. Nikapata mashine ya kubadili umeme wa ukutani uwe kama wa betri, matangi mawili ya plastiki na mabamba kadhaa ya nikeli. Nikavileta Masasi, nikafungua karakana nyuma ya nyumba ya kupanga, kando ya barabara iendayo Newala.

Mama hakutaka kushuka kuja kuishi nami. Alisema Masasi kuna joto na watu wengi asiowajua. Nami nisingeweza kupandisha karakana Newala, maana kazi ile inakunywa maji. Kila kitu kinachoingia kwenye tangi husuuzwa kabla, kikasuuzwa baada, na maji yenyewe yawe masafi. Kule juu maji hupandishwa kwa pampu kutoka bondeni, na pampu ikifa watu hutegemea waliyokinga kwenye paa. Kusuuza vyuma kwa maji ambayo jirani yako anayatafuta kwa kunywa ni kutafuta ugomvi.

Wateja wangu wa kwanza walikuwa bodaboda. Wanaleta rimu zilizoota kutu, ekzosi, na hendeli za baiskeli kutoka Chiwata na Chiungutwa. Walichotaka ni kung'aa tu. Nami nilikuwa na dawa ya kung'arisha: vijiko vichache kwenye tangi, na rimu inatoka kama kioo, mtu anaweza kujitazama humo akinyoa ndevu. Koti la namna ile ni gumu lakini halipindiki. Kwenye rimu haidhuru, rimu haikati kitu.

Siku ile ya vidole ndiyo iliyonipeleka kwenye banda la kikundi cha mama. Walikuwa akina mama wanaobangua pamoja chini ya bati, kila mmoja na mashine yake ndogo ya kukatia ganda, unayoivuta kwa mkono na kuikanyaga kwa mguu. Nilikaa nikawatazama. Mashine ikikata vizuri, ganda linaachia lenyewe na kidole hakigusi mafuta. Lakini visu vilikuwa vimeliwa. Yale mafuta, pamoja na moto wa korosho zilizotoka kukaangwa, yalikuwa yamevitoboa vitundu vidogovidogo kwenye makali. Kwa hiyo mashine inapasua nusu, na nusu iliyobaki mwanamke anaichokonoa kwa kucha.

"Visu vipya je?" nikauliza.

"Vipya navyo ni hivihivi," akasema mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti ya kanisani, mzaliwa wa Lulindi aliyeolewa Newala. "Msimu mmoja tu. Wewe si fundi wa kupaka chuma? Tupakie."

Niliondoka na visu vichache vilivyofungwa kwenye kanga ya mama.

Nikeli ya kawaida haikufaa. Nilikipaka kisu kimoja, nikakitumbukiza kwenye kopo la mafuta ya maganda, na baada ya siku chache kilianza kuonyesha madoa. Nikakumbuka tulichowahi kufanya kiwandani kwa valvu za maji ya chumvi: kuchanganya nikeli na fosforasi kidogo, koti likawa la madini mawili badala ya moja. Koti hilo halipitishi asidi kirahisi. Ila lina tabia zake, na tabia hizo zote hutokana na namna ulivyoliweka.

Nilijifunza upya kwa kuharibu. Nikiongeza umeme ili kazi iende haraka, fosforasi ilipungua kwenye koti, na pembe za kisu ziliungua zikawa nyeusi na chengachenga kama sukari. Nikipunguza sana, koti lilikuwa jembamba kama pumzi kwenye kioo. Maji yakipoa, koti lilijivuta lenyewe likapasuka nyufa, kama tope la mbuga likikauka. Ilibidi yawe ya moto kiasi cha kushindwa kuzamisha mkono, na tindikali zaidi kuliko nilivyozoea, na yakorogwe taratibu muda wote vipovu visikae juu ya chuma na kuacha mashimo. Halafu kulikuwa na umeme wenyewe. Ukikatika kisu kikiwa ndani, halafu ukarudi, koti la pili haliushiki mwili wa la kwanza. Ukikigonga kisu hicho, ngozi ya juu inatoka yote kama ganda la kitunguu. Kwa hiyo umeme ukikatika nilitoa kila kitu, nikakisugua na kukiamsha upya kwa asidi, nikaanza mwanzo. Mwishoni visu vilikaa kwenye tanuri la mwoka mikate wa mtaani, baada ya mikate kutoka, ili ile gesi inayoingia kwenye chuma wakati wa kupaka itoke. Bila hivyo kisu kigumu huvunjika ghafla kama kijiti.

Vilivyofanikiwa havikupendeza. Vilikuwa na rangi ya kijivu iliyofifia, kama sufuria iliyotumika sana. Nilipanda navyo Newala asubuhi yenye ukungu, nikavifunga kwenye mashine mwenyewe. Mama alikaa kwenye mashine ya kwanza. Akavuta, akakanyaga, ganda likaachia pande mbili. Akachukua nyingine. Na nyingine.

"Eti vipi, mama?"

"Ngoja nifanye kazi."

Aliendelea bila kuniangalia. Baadaye nikamwona anajipangusa mikono kwenye kitenge, akaitazama, akarudi kwenye korosho zake. Hakunisifu. Lakini jioni, tulipokuwa tunakula, alimega ugali kwa mkono wa kulia. Nilikuwa nimezoea kumwona akila kwa kijiko msimu wote wa kubangua, kwa sababu mboga ya moto ilimchoma.

Vile visu vilidumu msimu mzima na ukaingia mwingine. Vikundi vingine vikasikia. Kazi ya rimu nikaipunguza.

Muwasho ulinianza kati ya vidole. Nilidhani ni sabuni. Ukapanda kwenye viganja, ukatoa malengelenge madogo yenye maji, yakipasuka panabaki nyama. Duka la dawa walinipa mafuta ya fangasi. Nikavaa glavu mbili mbili, lakini kwa joto lile jasho lilijaa ndani na hali ikazidi. Ilipofika kwenye kope na shingoni, pale mkufu wangu ulipokuwa unalala, nikaenda hospitali. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye haraka. Aliuliza kazi yangu, nikamweleza. Akaweka kalamu chini.

"Ni nikeli," akasema. "Mwili wako umeikataa."

"Nikipumzika kwa muda?"

"Dada, mwili ukishaikataa hausahau. Utapona ngozi, ukirudi itarudi. Na mara nyingine inarudi kwa hasira."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Tafuta kazi nyingine."

Alisema bila ubaya, kama anavyomwambia mtu aache chumvi. Nilitoka nje nikakaa kwenye ukuta mfupi wa hospitali, nikitazama watu wakipita. Nilikuwa najua jambo moja tu kwa undani duniani, na jambo hilo ndilo lililokuwa linanichuna.

Tangu hapo nilianza kuiona nikeli ilikojificha. Sarafu. Kifungo cha suruali. Ndoano ya sidiria. Funguo. Kijiko cha hotelini. Kila kimoja kiliacha alama yake kwangu baada ya saa chache. Nikawa mtu wa kufungua mlango kwa pindo la kanga.

Mama alipoiona mikono yangu aliishika, akaigeuza kuelekea mwangani. Kisha akasema neno moja kwa Kimakonde, neno analoambiwa mtoto aliyeanguka, halafu akaenda jikoni kunitafutia mafuta ya nyonyo. Alinipaka yeye. Sikuhisi vidole vyake vikikwaruza hata kidogo.

"Acha," akaniambia. "Sisi tulikuwa tunabangua kabla hujazaliwa."

"Na visu?"

"Visu vitaliwa. Vilikuwa vinaliwa zamani."

Sikuacha. Nilimchukua binti wa mama yangu mdogo, yeye mwenyewe mama wa watoto wawili, aliyeachika na kurudi kwao Chiungutwa. Nilimwita mdogo wangu, kama tulivyolelewa. Alikuwa na akili nyepesi na mikono mizuri. Nikamfundisha nikiwa nimesimama mlangoni, upande upepo unakotoka. Nilimwelekeza kwa sauti: angalia kipimajoto, chovya karatasi ya kupimia tindikali uone rangi, usiongeze umeme, toa hicho, sugua tena. Alishika kazi haraka, na kwa msimu mmoja visu vyake vilikuwa kama vyangu. Nilianza kulala vizuri. Mikono yangu ilikauka, ikaota ngozi mpya.

Kisha ukaja mwaka ambao umeme ulisumbua sana, na korosho zikawahi. Mwenyekiti wa akina mama alishuka mwenyewe Masasi. Mimi siku hizo nilikuwa Newala nikimuuguza mama, aliyekuwa ameanza kukohoa na kukonda. Kilichotokea karakana alinisimulia mdogo wangu baadaye, na sina sababu ya kumtilia shaka.

"Visu vyenu hivi mbona vimepauka?" mwenyekiti alimwuliza. "Kuna wageni watakuja kutazama banda letu, wanunuzi. Watasema tunatumia mabati. Rimu za bodaboda mnazing'arisha, sisi mnatupa majivu."

"Dada anasema visu havitakiwi kung'aa, mama."

"Dada yako ni mgonjwa na ana mgonjwa. Mimi nina wanawake wamekaa hawana kazi. Lini vitakuwa tayari?"

Umeme ulikuwa unakuja kidogo na kuondoka. Mdogo wangu alitaka kuyatumia yale masaa machache yaliyopatikana. Akatia dawa ya kung'arisha iliyobaki kwenye rafu, akapandisha umeme, na maji hakuyasubiri yapate moto sawasawa. Visu vikatoka kama vioo. Mwenyekiti alipovifungua kwenye gazeti alipiga vigelegele. Mdogo wangu aliniambia kwamba hajawahi kushangiliwa namna ile maishani mwake, na kwamba alirudi nyumbani kwao na maandazi kwa ajili ya watoto.

Nilivikuta vimeshafungwa kwenye mashine. Nilimpeleka mama kuwasalimia wenzake, na tangu mlangoni niliona ule mng'ao. Nikainama kwenye mashine ya karibu. Kwenye makali kulikuwa na nyufa nyembamba kama nywele.

"Simamisheni," nikasema.

"Kwa nini?" mwenyekiti akauliza.

"Hivi vitabanduka. Vitaingia kwenye korosho."

"Wageni wanakuja kesho, mwanangu."

"Naomba, mama. Msivitumie."

Alinitazama, akamtazama mama yangu, halafu akawageukia wenzake. Wanawake walikuwa wameacha kazi wanangoja. Visu vya zamani walikuwa wamekwisha kuviuza kwa wanunua vyuma chakavu. Mwenyekiti akasema tu, taratibu, "Tuendelee," na mashine zikaanza tena kulia.

Wageni walikuja, wakapiga picha, wakachukua mzigo. Baada ya muda habari ikarudi kwamba katika korosho zile kumekutwa vipande vya madini, vyembamba kama magamba ya dagaa. Mzigo ulikataliwa wote. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mnunuzi hakurudi, na wengine wakasikia. Banda lilifungwa. Mashine zilikaa humo zikipata vumbi, na akina mama wakarudi kila mmoja kwenye baraza lake, na moto wake, na jiwe lake, na kucha zake. Korosho nyingi za kwetu huondoka na maganda yake, zikabanguliwe nchi za watu. Banda lile lilikuwa miongoni mwa mahali pachache zilipobaki kubanguliwa hapa kwetu.

Mwenyekiti alikuja kunitaka radhi nyumbani kwa mama. Alikaa kwenye mkeka, akavua kilemba.

"Uliniambia," akasema.

Mama ndiye aliyejibu, kutoka kitandani. "Uliwaambia wenzako kweli? Au uliwaambia ni shetani?"

"Niliwaambia kweli."

"Basi. Kunywa chai."

Mama alifariki wakati wa baridi, mwezi ambao Newala ukungu hauondoki mpaka saa nne. Siku za mwisho alikuwa wodini. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni, na kwa kuwa kitanda kilikuwa cha chuma chenye rangi iliyobanduka, sikuweza kuegemea. Yeye alijua. Alikuwa anausogeza mkono wake mpaka ukingoni ili niushike bila kugusa chuma. Alizungumza Kimakonde tupu siku hizo; Kiswahili kilikuwa kimemtoka. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, nami niliitika.

Msibani mdogo wangu alipika, alichota maji, hakukaa. Siku ya kuondoa tanga nilimwona nyuma ya nyumba akisugua sufuria, akaacha, akajikuna kati ya vidole. Akaendelea kusugua. Akajikuna tena.

Nikamwendea. "Nionyeshe."

"Ni sabuni tu, dada."

"Nionyeshe mikono."

Alinipa, huku akitazama pembeni. Malengelenge yalikuwa madogo, yamejipanga pale pale yalipoanzia yangu.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya visu vile vya kung'aa," akasema. "Sikukuambia kwa sababu watoto wanakula kwa kazi hii."

Nilimshika viganja vyote viwili. Yule daktari alikuwa ameniambia mwili hausahau. Sikutaka kumwambia mwenzangu maneno hayo kwenye msiba, lakini nilimwambia. Alilia kwa sauti ndogo, halafu akainama kumalizia sufuria, kwa sababu watu walikuwa wanangoja kula.

Tuliifunga karakana pamoja. Mashine ya umeme ilichukuliwa na fundi welda. Mabamba ya nikeli yaliyobaki aliyabeba mfanyabiashara mmoja kwenda Mtwara. Maji ya tangi ndiyo yalitushinda. Huwezi kuyamwaga ardhini, kisima cha jirani kiko hatua chache. Tuliyatia magadi mpaka nikeli ikatuama chini, tope la kijani la kupendeza macho, tukachuja, tukalifungia kwenye pipa la plastiki na kuandika juu yake kwa rangi kwamba ni sumu. Nikauliza ofisi hii na ile ni wapi pipa kama hilo hupelekwa. Kila mahali waliniambia nirudi wiki ijayo.

Mdogo wangu sasa anauza mbogamboga sokoni Masasi. Ngozi yake imepona, isipokuwa akirudisha chenji za sarafu nyingi. Mimi nimepanda Newala, kwenye nyumba ya mama, napalilia mikorosho yake na kuipulizia salfa mwenyewe. Jirani zangu hubangua barazani. Nikipita wananiita, "Shikamoo, fundi," wale wadogo, nami naitikia marahaba, nakaa nao kidogo. Hawanipi kisu. Siongelei habari za visu.

Mwenye nyumba wa Masasi hunipigia simu mara kwa mara. Amepata mpangaji mwingine, mwalimu mwenye familia, na watoto wanacheza uani. Anataka kujua lini nitakuja kuliondoa lile pipa. Namwambia bado natafuta pa kulipeleka. Ananisikiliza, anashusha pumzi, kisha ananiambia mvua zikianza nije angalau nilifunike vizuri.